Posta Isianze na Malori

Tarehe 30 Desemba 2025 shirika la posta la Denmark, PostNord, lilifikisha barua yake ya mwisho. Kazi hiyo ilianza mwaka 1624 kwa amri ya Mfalme Christian wa Nne, ikadumu miaka 401. Mwaka 2000 watu wa nchi ile walikuwa wakitumiana barua bilioni 1.4 hivi kwa mwaka. Kufikia 2024 zilikuwa zimebaki milioni 110. Masanduku mekundu 1,500 yaling'olewa mitaani, na shirika likatangaza kwamba nguvu zake sasa zinahamia kwenye vifurushi.

Huku kwetu barua ya mtu na nduguye ilikufa mapema zaidi, bila tangazo. Simu ya mkononi iliimaliza, na tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, hata hawala ya fedha kwa posta ilikosa wateja. Kilichobaki kwenye masanduku ya barua ni barua za ofisi na taarifa za benki, na hizo nazo zinahamia kwenye barua pepe. Ndiyo maana posta za nchi nyingi zinatazama upande wa mizigo: magunia, makatoni, mapipa, mashine, kontena. Shirika la Posta Tanzania nalo tayari linajinadi kama msafirishaji wa mizigo, mbali na barua na vifurushi.

Naunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Posta ni mali ya umma iliyojengwa kwa vizazi, tangu enzi za shirika la pamoja la Afrika Mashariki lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, kupitia Posta na Simu tuliyoikuta wengi wetu, hadi shirika la sasa lililoanza kazi Januari 1994. Kuiacha idhoofike mpaka majengo yake yageuzwe fremu za maduka kungekuwa hasara ambayo hakuna bajeti itakayoirudisha. Hofu yangu ni kwamba tutaanzia kwenye kununua malori, kwa sababu lori linaonekana, linapigwa picha, na linaingia vizuri kwenye taarifa ya utekelezaji.

Nguvu ya posta iko kwenye ncha mbili za safari: kaunta ambako mzigo unapokelewa, na anwani ambako unakabidhiwa. Barabara ya katikati ina wenyewe, na wanaijua vizuri. Posta zilizoingia kwenye mizigo zikiwa zimeshika ncha zote mbili zilifanikiwa. Zilizonunua katikati bila ncha zimelipa fedha nyingi kujifunza.

Kwanza tuelewane mzigo ni nini. Kifurushi cha posta ni kitu ambacho karani mmoja anaweza kukinyanyua na kukiweka kwenye mizani. Kwa kawaida hakizidi kilo 30 hivi. Bei yake imebandikwa ukutani na ni ileile kwa kila anayekuja. Mzigo una tabia nyingine kabisa. Hupakiwa na wachukuzi kadhaa, na bei yake hufuata ujazo, njia, msimu, hali ya barabara, na zaidi ya yote kama gari litapata kitu cha kurudi nacho.

Chukua magodoro. Godoro ni jepesi, lakini yakijaa kwenye Fuso gari limekwisha, hata kama mizani ya barabarani haitaona kitu cha kulalamikia. Saruji ni kinyume chake: gari hufikia ukomo wa uzito likiwa bado na nafasi tele juu, na kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari, hata gari kubwa kabisa pamoja na mzigo wake halitakiwi kuzidi tani 56. Ndiyo sababu watu wa ndege huihesabu mita moja ya ujazo kuwa kilo 167 hivi, na watu wa meli huihesabu kuwa tani moja. Ukileta kitu kikubwa chepesi unalipia nafasi uliyokula. Karani aliyezoea gramu na stempu, akimtoza mwenye magodoro kwa kilo, atampa bei ambayo hakuna mwenye gari angeikubali. Mwenye magodoro atarudi kesho na wenzake, foleni itakuwa ndefu, taarifa ya robo mwaka itasema biashara inakua, na kila safari itakuwa imekula mtaji.

Wamarekani waliliona hili kwa macho. Tarehe 1 Januari 1913 posta yao ilianza kubeba vifurushi vizito kiasi, baada ya miaka mingi ya wakulima kulalamika kwamba kampuni chache za usafirishaji zimewashika koo. Lengo lilikuwa jema na huduma ilipendwa mara moja. Ukomo wa uzito ulipopandishwa hadi pauni 50 kwa njia fupi, yaani kama kilo 23, mfanyabiashara mmoja wa mji mdogo wa Vernal, jimbo la Utah, akapiga hesabu. Mwaka 1916 alikuwa anajenga benki na alitaka matofali ya Salt Lake City. Nauli ya mizigo ilikuwa kubwa kupita bei ya matofali yenyewe. Basi akayafungasha kwenye makasha yasiyozidi pauni 50 kila moja na kuyatuma kwa posta, tani moja baada ya nyingine, matofali makumi ya maelfu.

Undani wa kisa hicho ndio wenye funzo. Posta ilitoza kwa umbali wa mstari mnyoofu kwenye ramani, ambao haukufika kilomita 250. Njia halisi ilizunguka hadi jimbo la Colorado kwa reli, ikahamia kwenye reli nyembamba, kisha matofali yakapandishwa mikokoteni ya farasi kuvuka milima. Kilomita 600 na zaidi. Tofauti yote ya gharama ililipwa na posta. Ilibidi itungwe kanuni mpya ya kuzuia mtu mmoja asitume zaidi ya pauni 200 kwa siku kwa mpokeaji mmoja. Jengo la benki ile lipo mpaka leo. Mfanyabiashara hakuvunja sheria yoyote. Aliisoma bei ya posta vizuri kuliko posta ilivyoisoma yenyewe. Kariakoo ina watu wa kusoma bei namna hiyo wasiohesabika.

Sasa tuje kwa Wajerumani, kwa sababu kila mkutano wa mashirika ya posta unaozungumzia mizigo huishia kwenye jina la DHL. Wengi hutaja mwisho wa hadithi na kuruka mwanzo wake. Klaus Zumwinkel alishika uongozi wa posta ya Ujerumani mwaka 1990, nchi mbili zikiwa ndiyo kwanza zinaungana, na hakukimbilia kununua kampuni ng'ambo. Kwanza zilipangwa anwani: tarehe 1 Julai 1993 nchi nzima ilihamia kwenye postikodi za tarakimu tano, mashariki na magharibi kwa mfumo mmoja. Kisha vikajengwa vituo 33 vya kuchambulia vifurushi, vyenye mitambo, vilivyotawanywa ili kila pembe ya nchi iwe na kituo chake. Mwaka 1995 posta ikageuzwa kuwa kampuni. Ni baada ya hapo, mwaka 1999, ndipo iliponunua Danzas, kampuni kongwe ya Uswisi ya uwakala wa mizigo. DHL ikawa mali yake yote kufikia mwisho wa 2002, na mwaka 2005 ikanunua Exel ya Uingereza kwa pauni bilioni 3.7 hivi. Mwaka 2023 kundi zima likabadili jina na kujiita DHL Group. Posta imezaa kampuni iliyomeza hata jina la posta.

Angalia alichonunua Zumwinkel. Danzas ilikuwa wakala. Kazi ya wakala ni kujua nani ana nafasi kwenye meli ipi au ndege ipi, kukusanya mizigo midogo ya watu wengi iwe mzigo mmoja mkubwa, na kushughulikia karatasi. Na DHL yenyewe ilizaliwa kwenye karatasi. Mwaka 1969 Wamarekani watatu, Dalsey, Hillblom na Lynn, walianza kubeba kwa ndege hati za shehena kutoka San Francisco kwenda Honolulu, ili forodha waanze kazi meli ikiwa bado baharini. Meli ikitia nanga, mzigo uko tayari kutoka. Walichouza ni siku za kusubiri zilizookolewa, na kwa kuanzia hawakuhitaji meli wala ndege yao wenyewe. Yeyote aliyewahi kugomboa mzigo bandarini anajua siku moja ya kusubiri inagharimu nini.

Hao hao Wajerumani walianguka walipokosa ncha. Mwaka 2003 walinunua Airborne Express kwa zaidi ya dola bilioni moja, wakitaka kupambana na UPS na FedEx ndani ya Marekani kwenyewe. Kwao Ujerumani kila mtaa ulikuwa na mtu wao. Marekani walikuwa wageni kwenye kila mlango, na gari lao lilipeleka vifurushi vichache mahali ambapo la mshindani lilipeleka vingi kwa mafuta yaleyale. Novemba 2008 walitangaza kuachana na usafirishaji wa ndani wa Marekani, na maelfu ya watu wa mji wa Wilmington, Ohio, kilipokuwa kituo chao kikuu, wakapoteza ajira. Mwaka 2015 nao wakafuta zaidi ya yuro milioni 300 zilizotumika kwenye mfumo mpya wa kompyuta wa uwakala wa mizigo uliokataa kufanya kazi ilivyokusudiwa. Hilo la pili nalitaja haraka tu, kwa ajili ya wale wanaodhani mfumo ukishanunuliwa biashara imekwisha.

Kisa cha Japani kinaniumiza zaidi, kwa sababu walikuwa na kila kitu. Posta ya Japani ina ofisi zipatazo 24,000. Mzee kijijini anamjua mtu wa posta kwa jina. Februari 2015, ikijiandaa kuuza hisa zake kwa umma Novemba ya mwaka huohuo, ikatangaza kununua Toll, kampuni ya usafirishaji ya Australia iliyoanza mwaka 1888 kwa mikokoteni ya farasi ya kubeba makaa ya mawe. Bei ilikuwa dola za Australia bilioni 6.5, karibu nusu zaidi ya thamani ya hisa zake sokoni wakati ule. Aprili 2017 posta ikatangaza kufuta yeni bilioni 400 za thamani ya ununuzi huo, na mwaka ule wa fedha ukafungwa kwa hasara, ya kwanza tangu ubinafsishaji ulipoanza mwaka 2007. Mwaka 2020 mifumo ya Toll ilishambuliwa na wadukuzi mara mbili. Mwaka 2021 kitengo chake cha usafirishaji wa haraka ndani ya Australia na New Zealand kiliuzwa kwa dola za Australia milioni 7.8 tu.

Jiulize ofisi zile 24,000 ziliisaidia nini Toll. Lori la Toll likitoka Melbourne kwenda Perth, posta ya Osaka haikuweza kuliongezea hata katoni moja. Wala Toll haikuisaidia posta kufikisha kifurushi cha mama mmoja wa Hokkaido haraka zaidi. Kampuni mbili ziliunganishwa kwenye karatasi za uhasibu, na barabarani hazikukutana. Wakati huo nyumbani kwao Yamato, iliyoanza huduma ya vifurushi vya mlangoni mwaka 1976 ikiwa na vifurushi 11 siku ya kwanza, ilikuwa imeshakuwa jina ambalo Mjapani hulitaja kwanza akitaka kutuma kitu. Ncha za nyumbani zilikuwa zinaponyoka huku fedha zikienda Australia.

Na Juni 2025 likaja jingine. Wizara ya uchukuzi ya Japani iliinyang'anya posta kibali cha kuendesha magari ya mizigo yapatayo 2,500 kwa miaka mitano, baada ya kubainika kwamba ofisi nyingi hazikuwa zikifanya ukaguzi wa lazima wa madereva kabla ya safari, ukiwemo wa kupima kilevi, na kumbukumbu zilijazwa kana kwamba umefanyika. Hilo ni shirika la nchi inayosifiwa kwa nidhamu. Gari la mizigo lina nidhamu yake: muda wa dereva kupumzika, matairi, breki za mteremko, utingo asiye na usingizi. Shirika lililokulia kwenye barua halizaliwi nayo.

Nimekaa sana ng'ambo kwa sababu huko hesabu zimeshafungwa na zinasomeka. Sasa nyumbani.

Nani anabeba mizigo midogo Tanzania leo? Mabasi. Nenda kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis jioni uone: katoni za vipuri vya pikipiki, maboksi ya dawa za mifugo, mabunda ya khanga na vitenge, simu, vioo vya magari, yote yanaandikiwa risiti na kuingia kwenye buti. Mwenye duka Kahama anampigia mtu wake Kariakoo asubuhi, mzigo unapanda basi, na kesho yake anaupokea stendi. Kenya hali ni hiyohiyo. Kampuni za mabasi na sako za matatu zina madirisha yao ya vifurushi, na Nairobi maeneo ya River Road yanaishi kwa kazi hiyo. Huduma hii haikupangwa na wizara yoyote. Ni ya haraka, na kwa sehemu kubwa inafanya kazi. Wasimamizi wa mawasiliano wa nchi zote mbili wamekuwa wakiwakumbusha wenye mabasi kwamba kubeba vifurushi vya watu kunahitaji leseni.

Kwa hiyo posta ikija na lori lake barabara ya Dar es Salaam hadi Mwanza, inakuja kushindana na basi linaloondoka kila siku, lililokwisha lipiwa mafuta na abiria. Nauli ya mzigo kwa mwenye basi ni nyongeza. Kwa lori la posta ndiyo kipato chote. Shindano hilo sioni posta ikilishinda, na sioni kwa nini ilitake.

Ya transiti nayo tuiache. Semi zinazotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na kurudi na shaba ya Kolwezi na Lubumbashi, ni biashara ya wenye mitaji mikubwa, mikataba na migodi, na madereva wanaojua foleni ya Tunduma kwa mwezi na kwa saa. Posta haina cha kuongeza pale.

Pengo liko kwingine. Kifurushi cha posta kinaishia kilo 30. Fuso zima ni la mtu mwenye tani kadhaa. Kati ya hapo kuna watu wengi mno: fundi wa Songea anayetaka mashine ya kuranda yenye kilo 80, mwalimu anayehamia Mpanda na kitanda, kabati na makatoni ya vitabu, mama wa Kyela mwenye magunia matatu ya mchele na mteja wake yuko Tabata, mfugaji wa nyuki wa Tabora mwenye ndoo 20 za asali, mwenye dagaa wa Kigoma. Basi hukataa mzigo wa aina hiyo au huubeba kwa kubembelezwa, kwa bei inayotegemea sura yako na haraka yako. Mwenye Fuso atakwambia subiri gari lijae. Ukishapakia, unachokuwa nacho mkononi ni namba ya simu ya dereva. Mzigo ukilowa au ukipungua, mnaanza kuulizana nani alaumiwe, na mara nyingi mwenye mali ndiye hunyamaza.

Hapo ndipo jengo la posta lina thamani ambayo hakuna mwenye gari anayeweza kuinunua. Lipo katikati ya mji wa wilaya, lina mlango unaofungwa, mizani, mtumishi mwenye kitambulisho, na jina ambalo bibi wa miaka 80 analijua. Mzigo ukifika usiku unalala ndani badala ya kulala stendi. Mpokeaji anakuja asubuhi, anasaini, anaondoka. Toka hapo hadi nyumbani bajaji au guta la mtaani linatosha, na dereva wake analipwa kwa mkataba na posta. Lori la kati linaweza kuwa la mtu yeyote mwenye leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima iliyo hai, aliyeshinda zabuni ya njia hiyo na anayejua atalipwa kwa wakati. Hili la kulipa kwa wakati nalisisitiza. Taasisi ya umma ikichelewesha malipo ya miezi mitatu, wenye magari wazuri wataondoka na watabaki wale ambao hawana pa kwenda.

Upande wa anwani tuna mtaji ambao hatujautumia. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, nchi ilifanya operesheni ya anwani za makazi: vibao vya majina ya mitaa vikasimikwa, nyumba zikapewa namba, juu ya postikodi zilizokwisha pangwa hadi ngazi ya kata. Wajerumani walifanya la kwao mwaka 1993 na kulijengea vituo 33. Sisi tumefanya sehemu ya kwanza, na mpaka leo mtu akikuelekeza kwake anasema shuka kwenye mwembe, uliza kwa Mama fulani. Posta ndiyo taasisi yenye sababu ya kuifanya namba ile ya nyumba ifanye kazi kila siku, na mizigo ndiyo itakayoilipia kazi hiyo.

Kwa mizigo ya nje nako ncha ni zilezile. Biashara kati ya Guangzhou na Kariakoo imejenga mawakala hodari wanaokusanya bidhaa za wateja mia kwenye kontena moja na kuwatoza kwa mita ya ujazo, bei ikiwa ni pamoja na ushuru mpaka mkononi. Mwagizaji mdogo huwapenda kwa sababu hawamsumbui na karatasi. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi hapati hati yoyote yenye jina lake, na siku mzigo ukikwama hana pa kusimama. Posta ina njia yake ya forodha inayotambuliwa na Umoja wa Posta Duniani tangu zamani, na kuanzia Januari 2021 vitu vinavyotumwa kwa posta kati ya nchi na nchi vinatakiwa kutanguliwa na taarifa zake kwa njia ya kielektroniki. Ni kazi ileile ya wale watatu wa San Francisco: karatasi itangulie, mzigo ufuate. Umoja wa Posta Afrika una makao yake Arusha, saa chache kutoka Namanga. Kama kuna mahali pa kujaribu huduma ya mfanyabiashara mdogo kutuma mzigo wa kilo 200 kutoka Arusha hadi Nakuru au Jinja kwa hati moja na malipo moja, ni pale.

Posta itabidi ibadilike kwenye jambo la fidia, na hapa sitaki kupunguza makali. Desturi ya posta ni kulipa kitu kilichopotea kwa kiwango kilichopangwa na kwa uzito, isipokuwa kama kilikatiwa bima. Kwa barua na kifurushi kidogo watu wameizoea. Kwa mashine ya fundi, ambayo ndiyo mtaji wake wote na pengine ameinunua kwa mkopo wa kikundi, kumlipa kwa kilo ni kumfilisi kwa utaratibu. Bima ya thamani kamili iwe ndani ya nauli tangu mwanzo, mteja atangaze thamani, na madai yalipwe katika siku zinazojulikana. Bei itapanda kidogo na wapo watakaorudi kwenye buti la basi. Watakaobaki ni wale ambao basi haliwezi kuwatunza.

Wenye malori na wenye mabasi wataniuliza: kwa nini serikali itumie kodi yetu kushindana nasi? Ni swali la haki. Kenya walilijibu vibaya. Mwaka 2019 mamlaka ziliagiza kontena za bandari ya Mombasa zipande reli mpya ya SGR zikagombolewe Nairobi, na Mombasa ikaandamana wiki baada ya wiki, kwa sababu maelfu ya watu waliishi kwa malori, magodauni na vibanda vya chakula vya njia ile. Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kurudisha shughuli hizo Mombasa. Mzigo ulioletwa kwa amri uliondoka amri ilipoondoka. Posta isipewe agizo la kwamba mizigo yote ya serikali lazima ipitie kwake, na hesabu za mizigo zitenganishwe na hesabu za huduma za lazima kwa umma, zikaguliwe peke yake, ili ruzuku ya kufikisha barua kijijini isije ikawa nauli ya bei chee ya kumuua mwenye Fuso.

Ningekuwa na sauti kwenye bodi, ningeomba njia moja kwa majaribio: Dar es Salaam, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga, mizigo ya kilo 30 hadi 500, gari la kukodi linaloondoka siku zinazojulikana likiwa limejaa au halijajaa, na makarani waliofundishwa kupima ujazo kabla ya kufungua dirisha. Kila mwezi kila ofisi ya njia hiyo ibandike ukutani mizigo mingapi ilipokelewa, mingapi ilifika kwa siku iliyoahidiwa, mingapi iliharibika au kupotea, na kiasi gani kililipwa kwa wenyewe. Baada ya mwaka mzima bodi itajua ni kipande gani cha barabara posta inajaza gari kwenda na kurudi. Kwa kipande hicho inunue lori. Kwingine iendelee kukodi.